Mwanafunzi kaniuliza: "Mtu akikana Mtunya anafungwa?" Nikakosa jibu

Mwalimu wa Zamu:

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni mwalimu wa Historia hapa Dodoma. Shule siitaji, mshahara bado nauhitaji. Wiki ile ya Mashujaa, baada ya mapumziko ya Julai 25, nilikuwa na kidato cha nne tukisoma Vita Kuu ya Kwanza. Nikajikuta nimetoka nje ya mada, nawaeleza kwamba Ujerumani mtu akisimama hadharani na kusema mauaji ya Wayahudi hayakutokea, anapelekwa mahakamani na anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Darasa likaguna. Kuna kijana anakaa nyuma kabisa, swali lake la kila siku huwa ni "mwalimu, kengele bado?" Siku hiyo akanyoosha mkono.

"Sasa mwalimu, mtu akisema Mtunya haikutokea, hapa kwetu anafanywa nini?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Hafanywi kitu." Wakacheka. Yeye hakucheka. "Kwa nini?" Kengele ikaniokoa.

Kwa wasio wa Ugogo: Mtunya ni njaa iliyopiga nchi hii kati ya 1917 na 1920. Ukame ulikuwepo, hilo halina ubishi, ukame hapa ni jirani yetu. Wazee walijua kuishi naye: unauza ng'ombe, unahamia kwa shemeji aliyepata mvua, unarudi msimu ukitengemaa. Safari ile vita ilikuwa imeziba njia zote hizo. Jeshi la Mjerumani lilichukua nafaka, likachukua ng'ombe, likachukua vijana wa kubeba mizigo. Mwishoni mwa Julai 1916 likaingia jeshi la Mwingereza, likiongozwa na van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini, likitokea upande wa Kondoa. Likashika reli, nalo likachukua nafaka, ng'ombe na vijana. Mvua ilipogoma, vihenge vilikuwa vitupu na mwenye nguvu ya kushika jembe alikuwa huko kusini na mzigo kichwani. Juu yake yakaja mafua makali ya 1918. Makadirio wanayoyarudia wanahistoria ni kwamba katika wilaya ya Dodoma walikufa watu kama 30,000 kati ya 150,000. Hesabu hiyo ifanyeni wenyewe kwa mtaa wenu. Na jina lenyewe, Mtunya, maana yake ni kunyang'anyana, kugombania.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Mimi nikiwa shule ya msingi nilikuwa namwona kila mavuno: anachota uwele, konzi moja tu, anaufunga kwenye kipande cha kaniki, anakiweka chini kabisa ya kilindo cha gome, kisha anamimina uwele mwingine juu yake mpaka kinajaa. Ule wa chini hauliwi. Hata mwaka wa shida, tunakula ugali mara moja kwa siku, ule hauguswi. Mavuno mapya yakija anafungua kitambaa, anawamwagia kuku, anafunga mwingine. Ukimuuliza anasema, "Wa Mtunya huo." Basi, mazungumzo yameisha. Hadithi nzima hakuwahi kunipa. Nilipata vipande: ngozi ya kulalia iliyochemshwa ikatafunwa, na kaka yake aliyechukuliwa upagazi, ambaye mama yao aliendelea kumtengea chakula kwenye kibuyu hadi siku chakula chenyewe kilipokwisha.

Sasa turudi kwa kijana wangu. Nimesoma siku nne mfululizo kuhusu hizi sheria za nchi za watu zinazosimamia namna vita inavyokumbukwa, na nilichoona ni kwamba tunaziweka kapu moja wakati hazifanani kabisa. Ufaransa walipitisha sheria Julai 1990 inayomwadhibu anayekana uhalifu uliohukumiwa kule Nuremberg, kwenye mahakama iliyowahukumu viongozi wa Wanazi. Sawa. Bunge hilohilo la Ufaransa, Februari 2005, likapitisha sheria nyingine iliyotaka shuleni wafundishe "mchango mzuri" wa Ufaransa katika makoloni, hasa Afrika Kaskazini! Walimu wa historia wa huko walikataa, kelele zikawa kubwa, mwaka uliofuata kifungu hicho kikafutwa. Oneni sasa: nchi moja, miaka 15 tu, sheria ya kwanza inasema usikane kidonda cha mwenzio, ya pili inasema kisifu kisu.

Poland, mwanzoni mwa 2018, waliweka kifungo cha hadi miaka mitatu kwa atakayelihusisha taifa la Poland na uhalifu wa Wanazi. Israeli na Marekani zikaja juu, na Juni mwaka huohuo adhabu ya jela ikaondolewa. Urusi ndiyo imenishangaza kuliko zote. Tangu 2014 wana kosa la jinai la kuusafisha Unazi. 2020 wakaandika kwenye katiba kwamba dola inalinda "ukweli wa kihistoria". 2021 ikawa marufuku kuilinganisha hadharani Urusi ya Kisovieti na Ujerumani ya Hitler katika vita ile. Kisha Desemba 2021 mahakama yao ya juu ikaamuru kufungwa kwa Memorial, taasisi iliyotumia miaka zaidi ya 30 kukusanya majina ya waliouawa na kufungwa enzi za Stalin. Yaani mlinzi wa ukweli kafunga kabati yenye majina.

Na kabla hamjasema "hayo ya wazungu", fungueni Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyopitishwa humuhumu Dodoma. Kifungu cha 19 kinakataza kuchapisha kwa kompyuta jambo linalochochea, linalokana, linalopunguza uzito au linalohalalisha mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Ndiyo wakuu. Hii simu uliyoshika inahusika.

Kwa hiyo jibu langu la darasani lilikuwa la ovyo. Sheria ipo. Ila nikijiuliza kama inaigusa Mtunya, naona haiigusi, na nadhani najua sababu: huwezi kukana kitu ambacho hakuna aliyekidai. Hakuna mtu Dodoma anayekana Mtunya, kwa kuwa walio wengi hawajaisikia. Ninyi mnasemaje?

Fundi Antena:

Nimekaa pale kwenye benchi nasubiri wanasheria.

Mkazi wa Nkuhungu:

Mwalimu mimi nimezaliwa hapa nimekulia hapa, Mtunya nimeisikia leo kwako. Ila kwa sasa bungeni mtuombee kwanza maji ya bomba, Maji Maji baadaye 😂

Wakili Bila Joho:

Mkuu Mwalimu wa Zamu, uzi mzuri, ila hapo kwenye kifungu cha 19 nikuongezee nyama.

Tatizo la sheria za namna hii ni swali moja: nani kathibitisha? Ya Wafaransa ya 1990 imejishikiza kwenye hukumu ya mahakama ya kimataifa. Huadhibiwi kwa kuwa na mawazo tofauti na mwalimu wako, unaadhibiwa kwa kukana jambo lililopimwa kwa ushahidi, mashahidi wakahojiwa, washtakiwa wakajitetea. Walipotaka kufanya hivyohivyo kwa mauaji ya Waarmenia, ambayo Bunge lao liliyatambua kwa sheria ya mstari mmoja mwaka 2001, Baraza la Katiba likaifuta sheria ya adhabu Februari 2012. Bunge haliwezi kujitungia ukweli halafu likawafunga wanaoubishia. Mahakama ya Katiba ya Hispania nayo 2007 ilisema kukana peke yake si jinai, ila kuhalalisha ndiyo jinai. Na kamati ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa iliandika wazi mwaka 2011 kwamba kuadhibu maoni kuhusu matukio ya kihistoria hakuendani na mkataba wa haki za kiraia na kisiasa, ambao na sisi ni wanachama wake.

Sasa sisi Watanzania tuna bahati ambayo hatuisemi. Hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari ilisomwa Arusha, Septemba 2, 1998, kesi ya Akayesu wa Rwanda. Na Juni 2006 majaji wa rufaa wa mahakama hiyohiyo walitamka kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 ni jambo linalojulikana na wote, upande wa mashtaka usihangaike tena kulithibitisha. Kwa hiyo kifungu cha 19 kikitumika kwa mtu anayekana ya Rwanda, kina pa kusimama. Kikitumika kwa kitu ambacho hakuna mahakama iliyowahi kukigusa, hapo polisi ndiye anageuka mwanahistoria. Na neno "kupunguza uzito" ndilo linalonitisha zaidi.

Mwalimu wa Zamu:

Wakili, hapo pa "kupunguza uzito" umenigusa palepale. Chukua Maji Maji. Wajerumani wenyewe waliandika waliokufa ni 75,000. Wanahistoria wengine wanafika 250,000, wengine 300,000, kwa sababu wengi waliuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa makusudi. Mwanafunzi wangu akiandika 75,000 kwenye mtihani, amepunguza uzito? Akiandika 300,000, amechochea? Mimi namtaka aandike zote mbili na aniambie kwa nini zinapishana. Alama zipo hapo.

Mzalendo Halisi:

Mnazunguka sana. Kila taifa lenye akili linalinda mashujaa wake kwa sheria. China wana sheria tangu 2018 ya kulinda heshima ya mashujaa na mashahidi wao, na tangu 2021 ukiwatukana ni hadi miaka mitatu ndani. Kuna mwanablogu alihukumiwa miezi minane kwa kuhoji idadi ya wanajeshi wao waliokufa mpakani na India. Nidhamu! Sisi hapa mtu anakaa kijiweni anabeza vita ya Kagera, hajawahi hata kulala nje.

Binti Irangi:

Mzalendo shikamoo kwanza, maana sijui umri wako.

Babu yangu ni wa Kondoa, alipigana Kagera. Alikuwa mgambo, akachukuliwa, akafika mpaka Uganda. Kila mwaka mwezi wa saba watu wanakuja kumtafuta: waandishi, watoto wa shule, mara ndugu wa chama. Wote wanataka kitu kimoja, awape ile ya uwezo, sababu na nia, halafu Kampala imeanguka Aprili 11, 1979, makofi, soda, picha. Anawapa. Ni mtu mpole.

Wakiondoka anakaa kimya hadi usiku. Siku moja nilikuwa namchujia uji akaanza mwenyewe. Akanieleza habari za mwenzake wa Singida waliyekuwa wanagawana blanketi moja. Mvua, tope, blanketi limekatwa katikati kwa kisu ili kila mmoja awe na lake wakitengana. Nusu ya babu ipo hadi leo, imekunjwa ndani ya sanduku la bati. Ya mwenzake sijui iko wapi, maana mwenyewe hakurudi. Hiyo babu hajawahi kuisema kwa wageni, kwa sababu haina makofi.

Sasa wewe kaka Mzalendo (au baba), niambie. Ukitunga sheria ya kulinda heshima ya vita ya Kagera, babu akisema walikosa chakula, wengine walilia, amevunja sheria au hajavunja?

Mzalendo Halisi:

Marahaba binti. Babu yako mimi nampigia saluti. Siongelei watu kama yeye.

Wakili Bila Joho:

Mzalendo, sheria haijui "watu kama yeye", inajua maneno yaliyoandikwa. Huyo mwanablogu wa China alihoji idadi. Mwaka kesho anayehoji anaweza kuwa mama wa marehemu.

Dereva Mstaafu:

Vijana nimewasoma. Niruhusuni na mimi, sisemi sana humu.

Mwaka 1994 nilikuwa naendesha lori, nikapewa safari ya kupeleka chakula Ngara. Mwisho wa mwezi wa nne pale Rusumo watu walivuka daraja siku nzima, usiku kucha, hakuna mwanzo wala mwisho wa msafara. Kambi ya Benaco ilijaa ndani ya siku chache ikawa kama mji. Lakini siwaelezi ya kambi. Nawaeleza ya mto. Nilisimama kwenye mto Kagera nikaona maiti zinapita. Mmoja, halafu kimya, halafu wawili wamefungwa pamoja. Wavuvi wa ziwani huko chini nao walizikuta. Nilikaa mwaka mzima sili samaki.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa Dodoma hapa, kwenye kahawa karibu na Jamatini, kijana amevaa vizuri anaongea kwa sauti kwamba yale ya Rwanda yamekuzwa, ni vita tu kama vita zingine, pande zote zilikufa. Mikono ilinitetemeka kikombe kikamwagika. Sikumpiga. Niliondoka.

Kwa hiyo mkisema sheria inabana mawazo, nawaelewa, nimesoma hadi darasa la saba tu lakini nawaelewa. Ila Rwanda wakisema mtu akikana atafungwa, siwalaumu. Wale waliosalia wanakaa nyumba kwa nyumba na waliowaulia. Wewe unaita mawazo, yeye anasikia panga linanolewa tena.

Fundi Antena:

Mzee wangu, shikamoo. Sina la kuongeza.

Mwalimu wa Zamu:

Shikamoo mzee. Umenifanya nirudie kusoma nilichoandika.

Nakubaliana na wewe kwa sehemu kubwa, na niseme kwa nini. Rwanda redio ilitumika kuua. Hapo Arusha wenye redio na gazeti walihukumiwa Desemba 2003 kwa maneno yao. Mahali ambapo maneno yameshaua, na anayekana ni jirani wa aliyefiwa, kukana si mjadala wa kitaaluma, ni sehemu ya pili ya kosa lilelile. Ujerumani na Austria vivyo hivyo. Austria wana sheria yao ya kupiga marufuku Unazi tangu 1945, na mwaka 2006 walimfunga mwandishi Mwingereza, David Irving, kwa hotuba alizotoa huko 1989. Sikulia.

Kinachonisumbua ni mpaka wake. Hata ya Rwanda ya mwaka 2008 kuhusu itikadi ya mauaji ya kimbari ililalamikiwa kwamba maneno yake ni mapana mno, na wenyewe wameiandika upya 2013, kisha tena 2018. Kipimo changu, na mnaweza kunipinga: sheria inamlinda nani? Kama inamlinda aliyefiwa dhidi ya mwenye nguvu, nitaisikiliza. Kama inamlinda mwenye nguvu dhidi ya swali, hiyo ni kufuli tu. Ya Rwanda ya mzee wetu imeanza upande wa kwanza. Ya China sioni hata ilipopita karibu nao.

Na Mzalendo, usidhani sisi hatuna. Tuna sheria ya 2004 ya kuwaenzi waasisi wa taifa, Mwalimu Nyerere na Mzee Karume. Sina ugomvi nayo. Ila angalia tumetungia sheria kumbukumbu ya nani, halafu angalia wapagazi.

Mtu wa Mpwapwa:

Hapo pa wapagazi ngojeni niingie.

Mnajua sheria ya kumbukumbu ya vita iliyo karibu nasi kuliko zote? Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246. Mkataba mzima wa kumaliza Vita Kuu ya Kwanza, mipaka ya Ulaya, fidia, meli, makoloni, na katikati yake kuna kifungu kinachosema Ujerumani irudishe fuvu la Mtwa Mkwawa ndani ya miezi sita. Kifungu hichohicho kinadai irudishwe Kurani ya Khalifa Uthman. Miezi sita! Fuvu limefika Kalenga 1954, miaka 35 baadaye, likiletwa na Gavana Twining. Kutoka Dodoma hadi hapo ni safari ya asubuhi tu, unapita Mtera, unakula samaki, unafika.

Kwa hiyo nchi kubwa zikitaka, fuvu moja linaingia kwenye mkataba wa dunia. Wapagazi waliokufa upande wa Mwingereza peke yake wanakadiriwa karibu 100,000. Wameachiwa nini? Kariakoo, jina la kikosi chao tulilogeuza soko. Na yule askari wa shaba pale Posta Dar tangu 1927, maandishi yake yanawataja wapagazi kwa jumla, jina la mtu hata moja hakuna. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Wamisri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na hapa Dodoma tume hiyo ina makaburi inayoyatunza. Nendeni mkasome majina yaliyopo, halafu mniambie Mgogo yuko wapi.

Hakuna aliyekana. Hawakuandika tu. Sasa kosa la kutoandika lina kifungu namba ngapi?

Mkazi wa Nkuhungu:

Aisee. Mimi nilikuja kutania. Mtu wa Mpwapwa umeninyamazisha.

Wakili Bila Joho:

Swali lako lina jibu la kisheria lakini halifurahishi. Jinai huadhibu tendo. Kusahau si tendo, mpaka awepo mtu mwenye wajibu wa kukumbuka. Wajibu huo ndio hatujamwandikia mtu. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi kwa Maji Maji, mbele ya familia za Wangoni ambazo wazee wao walinyongwa Februari 27, 1906. Songea wana makumbusho, wana siku yao, wana kaburi, wana jina la Nduna Songea Mbano ambaye kichwa chake wanakidai mpaka kesho. Ndiyo maana rais wa watu alijua pa kusimama. Mtunya ataiombea wapi? Hata nchi ya kuomba radhi hatujui ni ipi, walikula wote wawili.

Karani wa Masjala:

Salaam wakuu. Nimefanya kazi za nyaraka miaka mingi, sasa nimepumzika nalima zabibu.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo, ya mwaka 2002, na kanuni yake ya msingi ni miaka 30, baada ya hapo nyaraka za serikali zifunguliwe kwa wananchi isipokuwa zilizozuiwa kwa sababu maalumu. Kwangu mimi hii ndiyo sheria ya kumbukumbu ya vita kuliko hizo za kufunga watu, ila haina mvuto, haimtishi mtu. Na kituo cha taifa cha kutunzia kumbukumbu kipo hapahapa Dodoma. Nimeona watu wanakuja kutafuta faili za viwanja kila siku ya Mungu. Wa kutafuta babu aliyepotea vitani, kwa miaka yangu yote, nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole gumba kinabaki.

Mwalimu, watume hao watoto. Barua ya shule, muhuri, wakaja na kalamu ya risasi. Peni usiwape, watatuharibia karatasi.

Mzalendo Halisi:

Sawa, hapo kwa Karani nimekubali. Ila narudia, kuna watu wanabeza jeshi letu humu na wanachekewa.

Binti Irangi:

Wajibu kwa hoja baba. Babu yangu ndivyo anavyofanya. Anasema waliokuwa na bunduki walikuwa ng'ambo ya mto, hawa wana simu tu.

Mwalimu wa Zamu:

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili, samahani, mitihani.

Nilirudi darasani nikamwambia kijana: nilikudanganya, sheria ipo, lakini haitaikuta Mtunya kwa sababu hatujaiandika. Nikawapa kazi, si lazima, haina alama: nendeni nyumbani mkaulize kama kuna aliyechukuliwa au aliyekufa Mtunya. Kati ya 52 walileta tisa. Mmoja kaleta hadithi ambayo ni wazi kainakili kutoka kwenye simu, Mtunya yake imetokea 1974. Wengine wameleta sentensi moja moja.

Kijana wangu wa kengele kaleta daftari. Babu yake ana miaka themanini na kitu, yuko upande wa Bahi, na majina hayo aliyasikia kwa mama yake, yalikuwa yanatajwa wakati wa matambiko. Mtoto kakaa naye Jumamosi nzima anaandika. Majina kumi na moja, kila moja na alivyohusiana na mwenzake: huyu kaka wa huyu, huyu mke wa yule. Watatu pembeni kaandika "alichukuliwa", wengine "njaa". Namba tisa hana jina. Kaandika, "mtoto, walikuwa hawajampa".

Nilimuuliza kama naweza kuyaweka humu jukwaani. Kasema ngoja amuulize babu.

Fundi Antena:

Mkuu weka hata picha ya ukurasa mmoja.

Mwalimu wa Zamu:

Babu kakataa. Kasema anayeyataka aende Bahi, na aende na ugoro.

Dereva Mstaafu:

Jumamosi nina nafasi. Mafuta juu yangu. Nani mwingine anakwenda?